Saa Moja na Nusu ya Nyaru

Mtu akikuuliza jambo mara moja, anataka kujua. Akikuuliza mara mbili, hakusikia vizuri. Lakini akikuuliza mara ya tatu huku ameshika kalamu, huyo anakutafuta. Ogola alikuwa amehesabu maswali ya Wacera tangu Jumatatu, akapata manne, na yote manne yalihusu mlima mmoja.

Ogola ni fundi wa baiskeli pale Langas, mtaa wa Eldoret, mtu wa miaka sitini na moja, mwembamba kama spoki, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa siku zote. Ukimuuliza kitambaa ni cha nini, atasema ni cha grisi. Juu ya kibanda chake kuna mbao ya rangi nyekundu: OGOLA WA NYARU, FUNDI. Hilo la Nyaru, kule juu mlimani penye baridi, si jina la ukoo. Kwao ni kule ziwani, na hakuna Mjaluo aliyewahi kuzaliwa Nyaru akapewa jina la baridi. Alilipata barabarani, wakati wengi wenu mlikuwa bado mnalishwa uji.

Miaka ile alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Anapakia gunia la omena kwenye keria ya baiskeli yake ya Black Mamba, anatoka Eldoret alfajiri, anapita Iten, anaushika mteremko wa Tambach mpaka chini bonde la Kerio. Anauza Biretwo, anauza njiani, anamalizia Kimwarer kwa watu wa mgodi. Sasa kurudi. Kutoka Kimwarer kupanda Nyaru ni kilomita ishirini na moja, kona juu ya kona, barabara imening'inia kwenye ukuta wa mlima kama kamba ya nguo. Habari iliyozunguka Eldoret nzima ilikuwa kwamba Ogola anaupanda huo ukuta bila gia, bila kushuka, na gunia la maembe nyuma, kwa saa moja na nusu.

Saa moja na nusu! Wale wakimbiaji wa Iten, wenye mapafu kama mifuko ya simiti, hutokwa na kamasi wakiupanda kwa muda huo, na wao hawabebi maembe. Lakini nani aliuliza? Mtu akishasifiwa, watu huogopa kupima.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Ogola alipandishwa na lori. Malori ya madini yalikuwa yakitoka mgodini yamejaa, yanapanda kwa gia ya kwanza, yanalia kama ng'ombe anayezaa ndama wawili. Nyuma ya lori moja kulikuwa na mnyororo wa kufungia mlango, kipande chake kimebaki kinaning'inia. Ogola alikishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki kwenye hendeli, miguu ikatulia juu ya pedali kama ya bwana harusi kwenye zulia. Ile saa moja na nusu ilikuwa ya lori. Siri hiyo walikuwa nayo watu wawili tu, Ogola na dereva, na kwa miaka thelathini na mitano ilikaa kimya kama jiwe.

Mpaka watu wa mtaa wa Kapsoya walipoanza kununua baiskeli.

Ni kikundi cha watu kumi na mmoja, watu wa ofisi na maduka. Wengine daktari aliwaambia wapunguze sukari, wengine waliona picha za wazungu kwenye milima ya theluji wakasema hata sisi tuna milima. Katibu wao ndiye huyu Wacera, mwenye duka la dawa, msichana wa kuandika kila kitu. Mtu wao wa hesabu ni Cyril, karani wa benki, mnene, mpole, mwenye baiskeli ya gia ishirini na saba ambayo akipanda kidaraja cha Kapsoya zote ishirini na saba humaliza kazi. Walikuwa wamepanga safari ya Jumamosi, ya siku nzima: Iten, Tambach, Biretwo, Kimwarer, Nyaru, Kaptagat, nyumbani. Kilomita mia moja na arobaini na kitu. Wakamchagua Ogola awaongoze.

"Mzee, wewe ndiwe ramani," Wacera alisema siku ile ya kwanza, na Ogola akavimba kama chura wa masika.

Sasa ilikuwa Jumatano, na Wacera alikuwa amesimama tena mbele ya kibanda na daftari lake, Cyril kando yake akijifuta shingo.

"Mzee, nikuulize tu kitu kidogo. Hapo Kimwarer mpaka Nyaru. Ulisema saa moja na nusu?"

"Nilisema Jumatatu. Nikasema jana."

"Bila kushuka?"

"Baiskeli ni ya kupanda, mama. Ya kushuka ni punda."

Cyril akacheka, halafu akamtazama Wacera. Ogola akauona huo mtazamo. Ulikuwa mfupi, lakini mtu mwenye siri huona kope la mwenzake likigeuka ng'ambo ya barabara.

"Basi iko sawa," Cyril akasema. "Mimi nilipiga hesabu hivi. Kama Mzee alipanda na Black Mamba na mzigo kwa saa moja na nusu, sisi wenye gia hatuwezi kuzidisha hapo. Nikaweka hivyo hivyo. Tunatoka Kapsoya saa kumi na mbili asubuhi. Iten saa mbili na nusu, chai. Biretwo saa nne, tunakula, tunajilaza kidogo. Kimwarer saa saba na nusu. Nyaru saa tisa kamili. Kapsoya kabla ya giza."

Ogola aliichukua ile karatasi akaitazama. Aliishia darasa la saba, lakini saa tisa anaijua. Akaona siku nzima ya watu kumi na mmoja imesimama juu ya tako la lori.

"Mnaonaje tukiizungusha safari?" akasema, akikohoa kidogo. "Tuteremke Nyaru, tupande Tambach. Tambach kuna upepo mzuri."

"Haiya! Mzee Ogola wa Nyaru ateremke Nyaru?" Wacera akashangaa. "Na watu wamekuja kukuona ukipanda?"

Kukuona. Nani alisema mambo ya kuona? Ogola alishika spana kwa nguvu.

"Pia kule chini miiba imekuwa mingi siku hizi," akaongeza. "Na kuna daraja moja silipendi."

"Daraja gani?"

"Lile... la kule."

Wacera akaandika kitu. Aliandika nini? Ogola alinyoosha shingo, lakini daftari lilikuwa limeshafungwa.

"Usijali, Mzee. Gari la kufuata nyuma tumepata. Pikapu ya mzee mmoja wa kanisa letu, anakaa Cheptiret. Anaitwa Mzee Wabuge. Tena alikuwa dereva wa lori huko mgodini zamani. Nikamtajia jina lako akanyamaza kwanza, halafu akasema, ah, huyo namjua."

Spana ilianguka kwenye karai la maji ya kupimia tyubu, ikazama.

Wabuge. Yule yule dereva mwenyewe.

Usiku huo Ogola hakula vizuri, na asubuhi mkewe Rosebella akamuuliza kwa nini anazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga.

"Hawa watoto wa Kapsoya wananitega," Ogola akasema.

"Wanakutegea nini?"

"Maswali, maswali. Halafu wanaangaliana. Halafu wanaleta dereva. Kwani hapa Eldoret hakuna pikapu ingine?"

"Dereva amekukosea nini, Baba Ayoo?"

"Hajanikosea kitu!"

"Sasa?"

"Na wewe," Ogola akamgeukia, "wamekupa kazi ya kupika viazi vitamu na mayai. Umekaa nao jikoni kwa Wacera mara mbili. Mnaongea nini?"

Rosebella alimtazama kwa muda, yale macho ya mwanamke aliyekaa na mtu miaka thelathini na nne na hana haraka. "Tunaongea viazi," akasema, na akaendelea kumenya vitunguu.

Hata hilo jibu Ogola alilishuku. Viazi havina maneno mengi hivyo.

Akapanda baiskeli yake, akashika barabara ya Nakuru mpaka Cheptiret. Alimkuta Wabuge nyuma ya nyumba, tumbo chini ya pikapu, miguu nje. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini ile miguu aliijua. Wabuge alichungulia, akamwona, na badala ya salamu akasema:

"Nani amekutuma?"

"Mimi? Nani amekutuma wewe!"

"Mimi nimeombwa gari tu na mtoto wa kanisa."

"Gari tu. Na mdomo umeukodisha na nani?"

Wabuge akatoka chini ya pikapu polepole, akakaa kwenye tairi kuukuu. Walitazamana kama majogoo wawili waliosahau walichokuwa wakigombania. Ndipo Wabuge akashusha sauti.

"Ogola, usinizungushe. Umekuja kunitoa kwa uzee wa kanisa. Sema tu."

Ogola hakuelewa. Ilibidi Wabuge amkumbushe siku yenyewe. Kubeba mtu kwenye lori la mgodi, au kumvuta, ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Jioni moja pale juu Nyaru, nyapara alikuwa amesimama akisubiri, na Ogola akatokeza nyuma ya lori kabla hajapata nafasi ya kujificha. Nyapara akauliza, huyu ametoka wapi? Wabuge akaona mshahara wake unakimbia. Akaweka mkono kifuani akasema, huyu kijana amepanda mwenyewe, nimemwona kwenye kioo tangu chini, haki ya Mungu. Nyapara akavua kofia. Akamshika Ogola mkono. Kesho yake mgodi mzima ulikuwa umesikia, na wiki iliyofuata Eldoret.

"Nilimtaja Mungu," Wabuge akasema. "Na sasa mimi ndiye mzee wa kanisa. Hiyo hadithi nimeitolea hata ushuhuda, mbele ya watu, kwamba kijana akimwamini Mungu anaweza kupanda hata Nyaru. Waliimba! Sasa wewe ukifungua mdomo, mimi nitakaa wapi?"

Kumbe aliyelijenga lile jina hakuwa Ogola peke yake. Ogola alimshukuru Mungu kimya kimya kwa kumpa mwoga mwenzake. Wakapatana: hakuna atakayesema. Wakapeana mikono, lakini kila mmoja akauangalia mkono wa mwenzake kama noti iliyochakaa.

Angerudi nyumbani kwa amani, kama si ule mpando mmoja njiani. Si mlima, ni kibarabara kinachoinuka tu. Magoti yakaanza kulia. Pumzi ikakata. Ogola akatazama mbele, akatazama nyuma, akahakikisha hakuna mtu wa Langas, ndipo akashuka akasukuma.

Akisukuma hivyo, hesabu ikamjia bila kuitwa. Cyril, na kile kifua chake. Kumi na mmoja, Nyaru, jua la saa nane limepiga mwamba tangu asubuhi. Lami iliyoliwa imebaki meno. Hao si watu wa saa moja na nusu. Hao ni watu wa saa nne, tena wakisukuma. Watafika Nyaru karibu saa kumi na mbili, halafu msitu wa Kaptagat gizani, na mvua ya kule juu haina adabu, hunyesha kama imetumwa na adui. Pikapu moja, watu kumi na mmoja waliolowa.

Akinyamaza, jina linabaki, lakini Cyril anaweza kubaki mlimani. Akisema, Cyril anarudi nyumbani, na ile mbao nyekundu inageuka kichekesho cha Langas nzima. Alisimama hapo akishikilia baiskeli mpaka mbuzi wa watu wakaanza kumshuku yeye.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Alhamisi jioni, nyumbani kwa Wacera. Kikundi chote kilikuwepo, Wabuge amekaa kona na kikombe cha chai, Rosebella anagawa viazi vya kuonjwa. Wacera alisoma ratiba. Alipofika kwa Nyaru, akamtazama Ogola, Cyril naye akamtazama. Wako tayari, Ogola akawaza. Ni hapa.

"Andika saa nne," akasema.

"Saa nne ya asubuhi?"

"Masaa manne. Kupanda. Ile saa moja na nusu haikuwa yangu. Ilikuwa ya lori. Nilishika mnyororo nyuma, lori likanivuta. Sijawahi kuumaliza ule mlima kwa miguu yangu hata siku moja."

Halafu wakacheka! Wakacheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai.

"Mzee anatupima," Cyril akasema, akijifuta macho. "Anataka tuogope kidogo."

"Si kupima! Nasema kweli!"

"Yawa, Mzee, wacha unyenyekevu," kijana mmoja akasema. "Baba yangu alikuona na macho yake ukifika juu."

"Alinioa juu! Je, aliniona katikati?" Ogola alikuwa amekasirika mpaka maneno yakamponyoka vibaya, na wakazidi kucheka. Yaani mtu unadanganya mara moja wanakubali miaka thelathini na tano, unasema kweli mara moja wanataka shahidi. Akamnyooshea kidole Wabuge. "Muulizeni yeye! Lori lilikuwa lake!"

Macho yote yakaenda kona. Wabuge alimeza chai yake. Akatazama paa. Kisha akaweka mkono kifuani, pale pale.

"Mimi," akasema, "nilimwona kwenye kioo. Tangu chini."

"Mwongo wewe!"

"Nasema nilichoona."

"Kwenye kioo uliona mkono wangu umeshika mnyororo wako!"

"Wazee, wazee," Wacera akaingilia, na kwa mara ya kwanza hakuwa akiandika. "Sasa nani anasema ukweli hapa? Mimi nilikuwa nauliza kila siku kwa sababu nilikuwa naogopa. Huyu Cyril halali. Kila mara anasema, Mzee aliweza, nikishindwa nitaweka wapi uso. Hatukuwa na jambo lingine, Mzee."

Basi ile mitazamo yote ilikuwa hofu tu. Ogola alihisi aibu, lakini ndogo, maana bado hakuaminiwa.

Rosebella akaweka sinia chini.

"Baba Ayoo, lete mkono."

"Mkono gani?"

"Ule unaoficha."

Alimshika kabla hajakubali, akafungua kile kitambaa cha grisi, akakigeuza kiganja chake chini ya taa ili watu waone. Palikuwa na kovu, lakini si kovu la kisu wala la moto. Zilikuwa pete tatu za mnyororo, zimeandikwa kwenye nyama moja baada ya nyingine, wazi kama muhuri.

"Nilipoolewa aliniambia ni spoki," Rosebella akasema. "Nikajiuliza, spoki gani hii ya kujikunja? Siku moja nikaleta mnyororo wa mbuzi nikaupima akiwa amelala. Ukakaa sawasawa."

"Miaka yote hiyo ulijua?" Ogola akauliza kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unafurahi sana ukisema. Ningekunyang'anya ningekupa nini?"

Cyril alikuwa ameinama juu ya kile kiganja kama anakagua sahihi ya hundi. Kisha akapumua, pumzi ndefu kama ya tairi la lori, akakaa kwenye kiti chake, na mtu yeyote angeona kwamba ameondolewa gunia mgongoni.

"Kwa hivyo watu husukuma," akasema.

"Watu husukuma, bwana," Ogola akasema. "Hata punda hupumzika."

Wote wakamgeukia Wabuge. Mzee wa kanisa alizungusha kikombe, akakizungusha tena.

"Ule mnyororo," akasema mwishowe, "niliuacha ukining'inia makusudi. Ningeweza kuukata. Nilikuwa namwonea huruma na yale maembe yake." Halafu haraka: "Na kile kiapo nilimwapia nyapara. Sijui kama kinahesabika."

"Utamuuliza pasta," Wacera akasema, na safari hii hata Wabuge alicheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Wakaipanga upya siku yote. Kutoka saa kumi na moja alfajiri, taa zikiwa zimewaka. Chai ya Iten inywewe kwa kusimama. Biretwo hakuna kulala. Kimwarer saa tano, kabla mwamba haujashika moto. Masaa manne ya kupanda, na Ogola akawatajia kona moja moja, pale penye kivuli, pale penye maji, pale ambapo lori lilikuwa likibadilisha gia na yeye mkono ukitaka kung'oka. Kila kona aliijua. Ukivutwa na lori miaka minane, macho hayana kazi ingine ila kutazama barabara. Wacera aliandika kurasa tatu. Nyaru saa tisa, Kaptagat kabla ya mvua.

"Na bado wewe ndiye unatangulia, Mzee," Cyril akasema.

Ogola alimtazama vizuri kuona kama anachekwa. Hakuona kitu. Hilo nalo akalishuku kidogo.

Jumamosi, saa kumi na moja kasorobo, walikusanyika kwa Wacera, mvuke ukiwatoka midomoni. Ogola alifika na Black Mamba yake iliyosuguliwa ikang'aa, mkono wa kushoto wazi, bila kitambaa, unasikia baridi kama mtoto mchanga. Pikapu ya Wabuge ikarudi nyuma taratibu mpaka getini, na taa za baiskeli zikaimulika.

Nyuma yake kulikuwa na mnyororo. Umefungwa vizuri kwenye ndoano, kipande kimeachwa kikining'inia, urefu wa mkono hasa.

"Nani ameweka hiki kitu?" Ogola akauliza.

Cyril alikuwa anapima hewa ya tairi ambalo alishalipima. Wacera alikuwa anasoma daftari gizani. Wabuge alitazama mbele kupitia kioo kana kwamba yuko kanisani. Rosebella alikuwa anahesabu viazi.

"Nimeuliza, nani?"

Ogola aliuendea ule mnyororo, akaufungua ndoano moja baada ya nyingine, akautupa ndani ya pikapu ukalia kwa kishindo. Akapanda baiskeli yake, akaweka mguu kwenye pedali. Kisha akalisogelea dirisha la Wabuge, akainama ili wale wengine wasisikie.

"Usiuweke mbali sana," akasema. "Kona ya saba si mchezo."